Pevingi zimedidimia karibu na chemba: niongeze mchanga tu au nifumue mpaka chini?

Mkazi_wa_Goba

Habari za wakati huu wakuu. Nina pevingi ndani ya geti, zilitandazwa miaka mitatu iliyopita. Vitofali ni vile vya mstatili, sentimita 20 kwa 10, unene sentimita 6, vimepangwa mtindo wa mfupa wa samaki. Sehemu ya kama mita 1.5 kwa 1.2 imedidimia. Nimelaza mbao iliyonyooka juu yake, katikati kuna uwazi wa sentimita 5. Iko kwenye njia ya tairi la kushoto na upande mmoja imegusana na chemba ya majitaka. Mvua ikinyesha maji yanatuama hapo, yakikauka yanaacha tope laini. Vitofali vyenyewe ni vizima, vilivyopasuka ni viwili tu.

Fundi wa kwanza anasema ang'oe, aongeze mchanga, arudishie, nusu siku kazi imekwisha. Wa pili anasema mchanga ni kupoteza hela, amwage zege la inchi nne chini ndipo apange vitofali juu yake. Nani yuko sahihi? Na kama nikiifanya mwenyewe na kijana mmoja wa kunisaidia, vifaa na vipimo vikoje? Kompakta (mashine ya kushindilia) sina, ila najua pa kukodi. Gari linalopita ni dogo, isipokuwa gari la kunyonya majitaka mara mbili kwa mwaka.

Sululu_na_Chepe

Mkuu, hao wote wawili wametoa dawa bila kuuliza udongo umekwenda wapi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Piga hesabu hii. Chini ya kitofali kunatakiwa tabaka la mchanga la sentimita 3 mpaka 4, na chini ya mchanga kuna msingi wa moramu (udongo wa changarawe) au kifusi kilichoshindiliwa. Mchanga wa sentimita 4 hata kama haukushindiliwa kabisa utashuka sentimita 1 hivi. Wewe umeshuka 5. Kwa hiyo kilichotitia si mchanga, ni msingi ulio chini yake, au kuna mahali mchanga na kifusi vinachomoka na kwenda zao. Ukimwaga sentimita 5 nyingine za mchanga juu ya shimo hilo, utakuwa na mchanga wa sentimita 9 upande huu na 4 upande wa pili. Tairi likipita, mchanga mnene unasogea pembeni na unaloana haraka. Masika moja tu unarudi palepale.

Kabla ya kung'oa kitofali hata kimoja, kagua mambo haya.

Fungua chemba uangalie sakafu yake. Ukikuta mchanga msafi umejaa chini, wakati pevingi za jirani zinashuka, mchanga wako ndio huo. Tazama mahali bomba linapoingia ukutani. Mara nyingi fundi anatoboa tundu la inchi 6 kwa bomba la inchi 4, anaziba kwa ndani tu kwa udongo wa saruji, kwa nje panabaki wazi. Kila mvua inasukuma mchanga kupitia hapo.

Kisha bomba la maji safi. Funga mabomba yote ya nyumbani na koki ya tanki, halafu nenda kwenye mita. Kile kigurudumu kidogo kikizunguka, maji yanapotea mahali kati ya mita na nyumba. Kama bomba linalovuja ni la kutoka tankini kwenda ndani, mita haitakuonyesha. Weka alama ya chaki kwenye kimo cha maji ya tanki usiku, funga maji yanayoingia, asubuhi tazama.

Mwisho tafuta nondo ya milimita 10, ndefu kama mita moja. Ichomeke kwenye maungio ya vitofali sehemu iliyozama, halafu kwenye sehemu nzima. Kwenye pevingi nzima itapita mchanga na kugota kwenye moramu, utasikia mlio mkavu. Kwenye sehemu mbovu itazama. Andika imezama kiasi gani, maana ndicho kina utakachochimba. Usiipigilie kwa nyundo, isukume kwa mkono, usije ukatoboa bomba.

Pima_Maji

Sululu kamaliza uchunguzi. Mimi niongelee zege, maana ushauri huo unatolewa sana siku hizi na unasikika wa kitaalamu.

Zege la mita mbili katikati ya pevingi ni kisiwa. Pevingi zinazolizunguka zimekaa juu ya moramu na zitaendelea kushuka taratibu, milimita hapa milimita pale, zege halishuki. Baada ya muda unapata ukingo unaotokeza kuzunguka kiraka, na tairi linaugonga kila siku. La pili, maji yanayopenya kwenye maungio yanafika juu ya zege na hayana pa kwenda. Mchanga uliokaa kati ya zege na kitofali unageuka uji, gari likipita unarushwa juu kupitia maungio. Hilo tope laini unaloliona sasa utaliona mara mbili. La tatu, siku bomba likiziba utakodi mtu wa kuvunja zege, wakati raha yote ya pevingi ni kwamba unafumua na kurudishia.

Wengine wanatandika nailoni chini ya mchanga "kuzuia unyevu". Ni kosa lilelile kwa bei nafuu.

Zege lina sehemu yake: kuzunguka ukuta wa chemba na nyuma ya kebstoni, yale mawe ya ukingoni. Basi.

Sululu_na_Chepe

Sasa kazi yenyewe. Vifaa: bisibisi mbili bapa ndefu au vyuma viwili vya kubandulia rangi, nyundo ya mpira, nyundo ya kilo 1, sululu, chepe, toroli, ndoo, pima maji, uzi wa kuvuta na vigingi vinne, brashi ya waya, ufagio, mbao moja iliyonyooka kabisa, kompakta ya bamba ya kilo 80 mpaka 100. Grainda yenye disiki ya almasi uwe nayo kama kuna vya kukata pembeni ya chemba.

Piga picha ya mpangilio kutoka juu kabla ya kufumua. Mfupa wa samaki ukipoteza mwelekeo wa mstari mmoja, hautafunga unapofika upande wa pili.

Chora kwa chaki eneo lililozama, kisha ongeza sentimita 50 kila upande ulio na pevingi nzima. Vitofali vya pembeni navyo vimeinama kidogo, na bila kuvitoa huwezi kuunganisha kimo cha zamani na kipya. Vuta uzi kutoka pevingi nzima upande huu hadi nzima upande wa pili, uzi huo ndio kimo chako.

Kitofali cha kwanza ndicho kigumu. Anza na kile kilichopasuka, kivunje kabisa uondoe vipande. Kama hakuna kilichopasuka, kwangua mchanga wa kwenye maungio pande zote nne kwa kisu cha zamani, ingiza bisibisi mbili kwenye pande fupi zinazotazamana, kitikise kidogo upande huu kidogo upande ule, kinapanda chenyewe. Usitumie mtaimbo, unamegua kona za majirani. Kikishatoka kimoja, vinavyofuata unavinyanyua kwa mkono. Visugue pembeni kwa brashi ya waya mpaka ule mchanga ulioganda utoke wote. Chembe ya milimita 2 kwenye kila kitofali, ukipanga vitofali kumi kwa mstari umeshapoteza sentimita 2, na cha mwisho hakitaingia. Watu wengi wanakwama hapa, kisha wanasingizia vitofali vimevimba.

Kwangua mchanga wote wa zamani. Kama ni mweupe na msafi, uweke kando. Kama umechanganyika na udongo, utupe.

Chimba sehemu iliyozama peke yake mpaka ufike ardhi inayogomea nondo. Kingo za shimo ziwe wima. Sehemu ya ile nusu mita ya pembeni usiichimbe, hapo unabadilisha mchanga tu.

Mwalimu_wa_Vipimo

Niweke hesabu ili asinunue lori zima la moramu.

Shimo ni mita 1.5 × 1.2, sawa na mita za mraba 1.8. Tuseme umechimba msingi wa sentimita 15: hiyo ni mita za ujazo 0.27 ikiwa imeshashindiliwa. Moramu ikiwa huru inachukua nafasi zaidi, ongeza kama asilimia 30, unapata 0.35. Kwa toroli ya lita 60 ni toroli 6. Ukichimba sentimita 30, ni mara mbili yake.

Eneo la kufumua, tukiongeza nusu mita pande zote, ni 2.5 × 2.2, yaani mita za mraba 5.5. Upande wa chemba utapungua, lakini hesabu hivyohivyo. Vitofali vya 20 kwa 10 vinakaa 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo utang'oa kama 275. Tafuta vipya 10 vya akiba, upime unene kabla ya kulipa. Vya mitaani vinaandikwa sentimita 6 na ukipima unakuta 5.5. Kimoja kifupi kwa nusu sentimita kinashika maji.

Mchanga wa kutandika: 5.5 × 0.045 ni mita za ujazo 0.25, sawa na ndoo 12 au 13 za lita 20. Mchanga wa kujaza maungio: maungio ya milimita 3 yanakula kama kilo 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ndoo moja inatosha.

Saruji kwenye moramu: asilimia 5 kwa uzito. Moramu iliyoshindiliwa ina kama tani 2 kwa mita ya ujazo, hapo una kilo 540, saruji kilo 27. Nusu mfuko na kidogo. Si lazima popote pale, ila jirani na chemba, ambapo kompakta haifiki vizuri, inasaidia sana. Kama utatia saruji, changanya kavu kwanza, kisha maji, na ushindilie ndani ya saa mbili. Ukiiacha ikaanza kushika halafu ukaishindilia, unavunja kile ulicholipia.

Kabro_ya_Nyali

Hamjambo. Huku Mombasa hizo tunaziita kabro. Nakubali mengi, ila mbona hakuna aliyetaja vumbi la mawe kutoka kware, yaani machimbo ya mawe? Huku mafundi wengi hulitandika badala ya mchanga na linashika kama saruji ukilimwagia maji. Mchanga wa mto ni ghali na siku nyingine haupatikani kabisa.

Pima_Maji

Kabro, hilo la kushika kama saruji ndilo linalowadanganya watu. Linashika likiwa kavu. Vumbi lina unga mwingi mno, unga huo unazuia maji kupita, na vumbi likishiba maji chini ya tairi linalainika. Uwanja wa kutembelea watu kwa miguu, sawa. Mahali pa magari, na tena mahali panapotuama maji, silipendi. Kama huna jinsi, chukua lile lenye chembe za kuonekana kwa macho, lipepete kuondoa unga.

Kipimo cha nyumbani: chupa ya kioo ya mdomo mpana. Weka mchanga au vumbi kimo cha milimita 50, jaza maji yenye kijiko cha chumvi, tikisa dakika moja, acha saa tatu. Juu ya mchanga utaona tabaka la tope. Likizidi milimita 4, tafuta mwingine. Mimi kwa pevingi za gari napenda liwe chini ya 2.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chembe zake ni laini na za mviringo, hazishikani, na chumvi yake inapanda juu ya vitofali kama unga mweupe.

Kabro_ya_Nyali

Nimekuelewa. Chupa nitaijaribu. Hilo la unga mweupe tunalo hapa mtaani, tukidhani ni kosa la kiwanda.

Pima_Maji

Linaweza kuwa la kiwandani pia. Saruji yenyewe hutoa weupe miezi ya mwanzo, kisha unaisha kwa mvua na kusugua. Unaorudi kila mwaka kwenye kingo za maungio ndio wa mchanga wa chumvi.

Mkazi_wa_Goba

Wakuu, majibu ya uchunguzi. Mita imetulia, tanki halijashuka. Chemba nimefungua: chini kuna mchanga kama sentimita 8, msafi kabisa. Bomba linaloingia upande wa pevingi lina uwazi wa kuingia vidole viwili kwa juu yake, na ukuta wa tofali kwa nje haukupigwa plasta. Nondo kwenye sehemu nzima inagota sentimita 11 kutoka juu. Kwenye shimo inazama sentimita 38 karibu na chemba, 25 katikati.

Sululu_na_Chepe

Sentimita 11 ni kitofali 6 na mchanga 5, umezidi kidogo tu, kwa hiyo upande mzima uko vizuri. Mgonjwa ni chemba. Kazi inaanza hapo, pevingi zitasubiri.

Vaa glavu ndefu na viatu vya mpira. Acha mfuniko wazi muda mrefu kabla ya kuinama, na kama chemba ni ya kuingia mtu, usiingie ndani. Hewa ya majitaka inaua bila onyo. Fanya kazi kutokea nje.

Ondoa mchanga wa ndani kwanza, la sivyo utashuka na maji mpaka kwenye karo na kuziba. Kisha chimba upande wa nje wa ukuta mpaka chini ya lile bomba, upana wa sentimita 30 unaokutosha kufanya kazi. Safisha tofali kwa brashi, loanisha. Uwazi uzibwe kwa nje kwa udongo wa saruji 1 kwa mchanga 3, uwe mkavumkavu, usukume kwa kijiti mpaka ushibe, kisha uzibe kwa ndani. Baadaye piga plasta ya nje ya sentimita 1.5, mchanganyiko uleule, ukuta mzima uliouchimbua. Acha ikauke siku mbili ukiiloanisha.

Kufukia sasa. Ile nafasi nyembamba kati ya ukuta na ardhi nzima haitashindilika kwa kompakta, na ukijaribu utasukuma ukuta uingie ndani. Hapo ndipo zege la Pima Maji linapofaa: zege dhaifu, saruji 1, mchanga 3, kokoto 6, jaza kuzunguka ukuta mpaka sentimita 12 chini ya usawa wa pevingi. Usilipandishe zaidi ya hapo, vitofali vinahitaji mchanga wao.

Nje ya mkanda huo ndipo moramu. Tabaka la sentimita 10 kwa wakati, si zaidi. Wengi wanamwaga kina chote cha sentimita 30, wanapitisha kompakta juu, inang'aa kama meza, na chini ni sponji. Kwa shimo dogo kama hili tumia kishindilio cha mkono kwa tabaka za chini, cha kilo 8 hivi, mpaka kianze kuruka badala ya kuzama. Kompakta ije tabaka la mwisho.

Unyevu unaupima kwa kiganja. Finya moramu: ikifanya donge bila kulowesha mkono, na ukiliangusha kutoka usawa wa kiuno likavunjika vipande viwili vitatu, ni sawasawa. Likisambaratika, ongeza maji. Likibonyea kama kitumbua kibichi, acha likauke.

Msingi umalizike sentimita 9.5 hivi chini ya uzi wako. Mteremko wa juu ufuate ule wa zamani, usipungue sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba.

Mwalimu_wa_Vipimo

Kusawazisha mchanga kuna njia mbili, na kwa kiraka nashauri ya pili.

Ya kwanza ni ya mabomba: unalaza mabomba mawili ya chuma ya inchi 1, ambayo unene wake wa nje ni milimita 33 na kitu, unamwaga mchanga kati yake, unaburuta mbao juu. Ni nzuri kwa uwanja mpana.

Ya pili ni mbao yenye masikio. Chukua mbao ya 2 kwa 6 iliyonyooka, ndefu kuliko eneo lako kwa sentimita 40. Kila mwisho, kata pembe ya chini urefu wa sentimita 20, kimo cha milimita 52. Ukiilaza, masikio yanakaa juu ya pevingi nzima za pande mbili na tumbo la mbao linaning'inia milimita 52 ndani ya shimo. Buruta. Mchanga unabaki milimita 52 chini ya usawa wa zamani, kitofali ni milimita 60, kwa hiyo kinasimama juu ya jirani zake kwa milimita 8. Hizo 8 ndizo kompakta itakazozila. Kama utatumia nyundo ya mpira na ubao bila kompakta, kata milimita 55 badala ya 52.

Eneo likiwa na upana wa mita 2.2 mbao inaweza kupinda katikati. Iangalie kwa uzi kabla ya kuiamini.

Mchanga uwe na unyevu kidogo, usio wa kudondosha maji. Usiushindilie kabla ya vitofali na usiukanyage. Simama juu ya pevingi nzima, panga ukielekea mbele, baadaye simama juu ya vile ulivyopanga ukiwa umekanyaga kipande cha ubao. Alama moja ya kisigino inaonekana juu baada ya wiki.

Mama_Salasala

Samahani kuingilia. Kwangu ni tofauti, imezama pembezoni karibu na bustani, mita tatu za urefu, na maungio yamefunguka mpaka kidole kinaingia. Chemba haipo karibu. Ni tatizo hilohilo?

Pima_Maji

Hapana mama, hilo ni la kebstoni. Shika jiwe la pembeni ulitikise kwa mguu. Kama linacheza, halikuwekewa zege la nyuma, au limewekewa zege la juujuu ambalo mizizi na maji ya bustani yamelihamisha. Pevingi zinajibana zenyewe kwa zenyewe, zikikosa ukuta wa pembeni zinasogea nje, maungio yanafunguka, mchanga unashuka, kisha zinazama.

Toa kebstoni zote za mita hizo tatu na mistari mitatu ya vitofali. Chimba mtaro, weka zege la 1:3:6 la unene wa sentimita 10 chini ya kebstoni, zikae juu yake likiwa bichi, ugonge kwa nyundo ya mpira mpaka zifuate uzi, halafu pandisha zege la nyuma mpaka nusu au theluthi mbili ya kimo chake. Upande wa bustani udongo utalifunika, halitaonekana. Subiri siku tatu ndipo upange vitofali, na kompakta usiipitishe karibu na hapo kabla ya wiki. Mwagilia bustani kwa kiasi upande huo.

Ukiwa eneo la udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi, kebstoni peke yake haitatosha. Huo unavimba na kusinyaa, msingi mzima utatembea. Unautoa na kuweka moramu mahali pake, kina cha sentimita 30 au zaidi.

Sululu_na_Chepe

Turudi kwa Goba tumalizie. Vitofali vikishapangwa, angalia mistari kwa uzi kabla ya kushindilia, sogeza kwa bisibisi vilivyokwenda upande. Vya pembeni ya chemba vikatwe kwa grainda, vaa miwani na barakoa, mwagia maji kidogo vumbi lisiruke. Usikubali kipande kilicho chini ya theluthi moja ya kitofali. Kikitokea, kata kitofali cha jirani pia, ili upate viwili vya wastani badala ya kimoja kizima na kimoja kama jino.

Kompakta inapita mara mbili bila mchanga wa juu, ikiwa na mpira au kipande cha zulia kuukuu chini ya bamba ili isichubue. Kisha mwaga mchanga mkavu, mwembamba, uliochekechwa kwa wavu wa mbu wa dirishani. Mkavu maana yake umeanikwa juani siku nzima. Mbichi unakaa juu ya ungio na kuacha uwazi chini. Fagia kwa mshazari, pitisha kompakta, fagia tena, pitisha tena, mpaka maungio yagome kupokea. Bakiza mchanga kidogo juu kwa siku kadhaa.

Usimwage saruji kavu kwenye maungio. Wanapenda kuifanya wakati wa kukabidhi kwa sababu inapendeza siku ya kwanza. Inapasuka, maji yanaingia yasitoke, na mara nyingine utakapofumua utavunja nusu ya vitofali.

Baada ya wiki mbili, na baada ya mvua kubwa ya kwanza, ongeza mchanga wa maungio. Ukiona umeshuka zaidi ya sentimita 1, jaza.

Mkazi_wa_Goba

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: gari lianze kupita lini? Na lile la majitaka?

Mwalimu_wa_Vipimo

Kama moramu haina saruji na zege la chemba limeshafikisha siku 7, gari dogo lipite siku hiyohiyo uliyomaliza maungio. Kama umetia saruji, loanisha msingi siku tatu kabla ya kutandika mchanga, na gari lisubiri siku saba tangu uliposhindilia.

Gari la majitaka ni habari nyingine. Kila lita 1,000 ni kama tani 1. Likibeba lita 10,000 hizo ni tani 10 kabla hujahesabu uzito wa gari lenyewe, na wewe una vitofali vya sentimita 6, vinavyofaa magari madogo. Njia ya malori inataka vya sentimita 8 na msingi mnene zaidi. Nunua mpira wa kunyonyea ulio mrefu, gari libaki nje ya geti. Boza la maji nalo vivyo hivyo, hilo linaingia likiwa limejaa.

Mkazi_wa_Goba

Kutoka geti mpaka karo ni mita 18. Nitawauliza wana mipira ya urefu gani.